Mwanamke wa Sufuria

Siku Kobe alipofariki, televisheni ileile iliyokuwa ikimfungia mlango usoni ilijitia kulia kuliko wafiwa. Mtangazaji wao, yuleyule aliyewahi kumwuliza hewani kama anatengeneza filamu au dawa ya usingizi, alishusha sauti ikawa ya msibani, akasema tumempoteza mtu wa pekee. Mimi nilikuwa kazini, chumba cha nyuma cha duka la miwani, nasaga lenzi ya mteja aliyekuwa akisubiri mbele. Nilizima mashine nisikie vizuri. Niliposikia, nikajuta kuizima.

"Mtu wa pekee," nikamwambia bosi wangu, daktari wa macho. "Juzi alikuwa dawa ya usingizi."

"Nani huyo?" akauliza.

Sikumlaumu. Watu wengi hawakuwahi kuona hata filamu yake moja, na wengi wa walioona walitoka katikati. Jina lake halisi lilikuwa kwenye matangazo, lakini sisi tulimwita Kobe kwa sababu ya gazeti moja lililoandika kwamba filamu zake zinatembea kama kobe aliyeshiba. Hakujibu gazeti. Filamu iliyofuata aliianza na kobe, kobe wa kweli, anavuka ua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na hakuna kingine chochote kilichotokea mpaka alipomaliza kuvuka. Nusu ya ukumbi waliondoka wakitukana. Sisi tuliobaki tulicheka mpaka machozi, na tulipotoka nje tukawa tayari tunafahamiana. Tukajiita watu wa Kobe.

Ungemtambua hata kama ungeingia ukumbini filamu imeshafika katikati. Hakuweka muziki. Ulisikia maji, viatu, mlango, mtu anahema. Na alipenda kupiga watu picha kwa nyuma. Mashujaa wake tuliwajua kwa visogo na mabega. Aliwahi kuulizwa kwa nini, akasema uso una mazoezi ya kudanganya, mgongo hauna. Maneno hayo tuliyaimba kama mashairi. Fundi aliyachapa kwenye karatasi ngumu akayabandika ukutani.

Fundi ndiye mwenye duka la uchapaji tulilokuwa tukikutania Jumamosi. Tulisoma naye darasa moja, na tangu wakati huo tumekuwa tukigombana na kupatana kama mtu na kaka yake. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Miwani, ingawa macho yangu ni mazima kabisa. Tulikuwa tukisogeza marobota ya karatasi pembeni, tunashusha mapazia, anawasha projekta, na harufu ya wino inatukaa puani filamu nzima. Alikuwepo Mwalimu, mstaafu wa historia, ambaye alituelezea filamu kabla hatujaiona na akatuelezea tena baada ya kuiona. Alikuwepo Mpambaji, dada anayepamba kumbi za harusi, na Dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno machache sana. Wengine walikuja na kuondoka.

Na filamu tuliyoirudia kuliko zote ilikuwa *Ukuta wa Nyuma*. Inahusu nyumba inayosubiri kubomolewa ili barabara ipite. Katikati ya filamu hiyo kuna mwanamke anayeosha sufuria. Basi, ni hivyo tu. Amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo, gauni la nyumbani, zipu haikufungwa mpaka juu. Anasugua. Anasuuza. Anaitazama sufuria kwa ndani, halafu anaanza upya kusugua, na bega lake la kushoto linapanda na kushuka. Hasemi neno, hageuki. Inachukua muda mrefu kiasi kwamba mtu asiyemjua Kobe anadhani mashine imekwama.

Tulikuwa tukibishana juu ya mwanamke yule mpaka mate yanakauka. Mwalimu alisema sufuria ni historia, kila kizazi kinasugua na doa halitoki. Mpambaji aliapa kwamba yule ni mwigizaji fulani wa jukwaani aliyehamia ng'ambo, eti anamjua kwa mabega. Mimi sikuwa na nadharia. Mama yangu alipofariki sikulia. Nilizika, nikapokea pole, nikarudi kazini, kavu kama jiwe la kusagia. Halafu Jumamosi moja mwanamke yule akaitazama sufuria yake kwa ndani, nami nikalia mpaka Mpambaji akanishika kichwa akakilaza mapajani mwake. Tangu siku hiyo niliiona picha ile kama mali yangu. Mtu akiisema vibaya, damu inanichemka.

Kwa hiyo elewa hali yetu Jumapili ile. Televisheni ilitangaza itamuenzi marehemu kwa kuonyesha *Ukuta wa Nyuma*, "toleo jipya". Tukajazana dukani kwa Fundi mchana. Filamu haijaanza hata vizuri, tukasikia kinanda. Wameweka kinanda! Katika filamu ya Kobe! Kinanda kinalialia juu ya kila kitu, nyumba ikionyeshwa kinalia, mbwa akipita kinalia.

"Wanampigia kinanda maiti asiyeweza kusimama akawazima," Fundi akasema.

Tukavumilia kwa ajili ya sufuria. Ukaja mlango wa jikoni, tunaoujua, na rangi yake iliyobambuka. Tukanyamaza. Mlango ukasogea, na papo hapo likatokea tingatinga linaloanza kubomoa ukuta. Hakuna sinki wala mwanamke. Mlango, halafu tingatinga.

"Wamekata!" Mpambaji alipiga kelele utadhani amekatwa yeye. "Wamekata!"

Fundi aliinuka akaizima televisheni kwa kofi. Nakumbuka Dereva peke yake alibaki ameketi, anaangalia kioo cheusi kama bado kuna kitu.

Kesho yake nilipiga simu kituoni. Msichana mwenye sauti laini alinisikiliza nikifoka, akaniacha nimalize.

"Kinanda tuliweka sisi, dada, ili watazamaji wasichoke," akasema. "Lakini ile ya jikoni hatukukata sisi. Mjane ndiye aliyeomba itolewe. Alisema bila hivyo hatatupa ruhusa."

Nilishusha simu. Adui wa televisheni tulimzoea. Huyu wa ndani hatukumtarajia.

"Mke wake?" Fundi alipiga meza. "Udongo haujakauka, tayari anamkata kwa mkasi?"

"Wake za wasanii mara nyingi huwa na wivu na kazi," Mwalimu akasema, kwa sauti ile ya darasani. "Mtu anapaswa kumweleza mama huyu kwamba mali hiyo si yake peke yake. Ni ya wote."

"Nitakwenda mimi," nikasema. Na nilikuwa na hamu ya kwenda. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, kila neno na sumu yake.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani, geti lake limefungwa kwa waya upande mmoja. Mwanamke aliyenifungulia alikuwa mfupi, mzee kuliko nilivyotarajia, na kitambaa cheusi kichwani alichokifunga ovyo.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Asante, mwanangu. Umetoka ofisini kwake?"

"Hapana. Mimi ni mpenzi wa filamu zake."

"Alaa," akasema. "Watu wa Kobe." Hakutabasamu. "Pita. Sebuleni kumejaa viti vya msiba, tukae jikoni. Angalia usijikwae."

Kweli nilikaribia kujikwaa. Sakafu ya jikoni ilikuwa na tuta la saruji linalokatiza katikati, kama mshipa. Lilikuwa limefunika bomba. Na bomba lile lilikwenda kwenye sinki lililojengwa katikati ya chumba, limetazama mlangoni, kama kaunta ya duka. Ukutani, mahali ambapo sinki lingekaa nyumbani kwa mtu yeyote mwingine, palikuwa na kiraka cha plasta tu. Niliona ni jiko la ajabu, lakini sikuja kukagua majiko.

Alisimama nyuma ya sinki lile, uso kwangu, akaanza kujaza birika.

"Mama, nimekuja kwa sababu ya picha ya sufuria," nikasema.

Akafunga bomba. "Ina nini?"

"Mmeikata." Nikayaachia maneno yangu yote. Nikamwambia ile ndiyo filamu yenyewe, ukiitoa umeitoa roho. Nikamwambia kuna watu waliolia kwa picha ile walioshindwa kulia kwa kitu kingine. Nikamwambia mumewe amefumba macho tu na wao wameanza kumkatakata. "Na kwa taarifa yako, mama, sisi tunayo nakala nzima. Yeye mwenyewe alimpa mwenzetu kwa mkono wake. Jumamosi tunaionyesha kwa watu wote, bila kukatwa. Yeye asingekubali ikatwe, na wewe unajua asingekubali."

"Asingekubali," akarudia. "Hapo umesema kweli. Nimemwomba tangu nywele zangu nyeusi, hakukubali."

"Umemwomba nini?"

"Aitoe." Akaliweka birika chini. "Ni mimi, yule."

Niliangalia mabega yake. Sijui kwa nini nilihitaji kuyaangalia, lakini niliyaangalia, na la kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia.

"Unaangalia kama ni kweli," akasema. "Wote mko hivyo."

Akaniambia. Hakukaa, na hakuniambia nikae. Walikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa ameanza kutamka maneno. Homa ikampata, na haikumwacha. Walipomzika, kesho yake watu wakaanza kutawanyika, na yeye akaingia jikoni kwa sababu kulikuwa na sufuria ya uji wa mtoto. Uji wa mwisho, ambao mtoto hakuumaliza, umegandia chini. Shangazi zake walikuwa wametaka kuiosha, akawakatalia.

"Nilisema nitaiosha mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu. Nikafungua maji. Maji yakitiririka husikii kitu, mwanangu. Mtoto wangu amelala udongoni tangu jana, na baba yake amesimama mlangoni hapo na kamera, anatafuta mwanga mzuri."

"Hakukwambia?"

"Aniambie nini? Angeniambia ningegeuka. Na yeye hakutaka uso."

Nilikumbuka karatasi ngumu ukutani kwa Fundi, na maneno yaliyoandikwa juu yake.

"Nilijua siku ya kuizindua," akaendelea. "Ameninunulia gauni, nimeketi safu ya mbele na wakubwa. Naangalia naona zipu. Niliijua zipu kabla sijaujua mgongo. Ilikuwa imeharibika, nilikuwa siifungi mpaka juu. Nikasema, mbona gauni langu liko pale? Halafu nikaona sufuria. Watu wakapiga makofi. Nikainuka nikatoka, nikasikia mtu anasema, mwache mama, furaha imemzidi."

"Ukamwambia aitoe."

"Usiku ule na kila nilipopata nguvu. Alikuwa ananijibu kwa upole, hakuwahi kunipandishia sauti. Alisema ni picha ya kweli kuliko zote alizowahi kupiga. Nikamwambia ni ya kweli kwa sababu ni yangu, si yako. Akasema ndiyo, mke wangu, ni yetu." Akalipiga sinki kwa kiganja. "Mpaka leo sijaweza kuosha chombo nimegeuzia mlango mgongo. Nilileta fundi bomba akanihamishia sinki. Mume wangu akasema jiko limekuwa baya."

Nilitaka kusema pole, lakini hasira yangu ilikuwa haijui pa kutua. Ilikuwa imemlenga yeye nilipoingia, sasa imegeuka imemlenga marehemu, na bado, nitasema ukweli, kiasi fulani kilibaki kwake. Kwa nini aniambie? Picha ile ilikuwa yangu. Nililia mapajani mwa Mpambaji kwa ajili ya picha ile. Sasa nitaitazama vipi?

"Kwa nini hukuwaambia watu, mama? Miaka yote hiyo?"

"Ningewaambia, mngeacha kuipenda?"

Akaliwasha jiko.

"Hiyo Jumamosi yenu sina uwezo wa kuizuia," akasema. "Hata mlipo sipajui. Fanyeni mnavyotaka. Mmeshazoea."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi. Alikuwa anakata karatasi, na mashine yake ya kukatia inapiga kama mtu anayekata kuni. Mwalimu na Mpambaji walikuwa hapo wanakunja matangazo ya Jumamosi. Niliwaambia yote nikiwa nimesimama. Mpambaji alijishika mdomo. Fundi aliacha mkono wake juu ya mashine.

Mwalimu macho yalimng'aa.

"Lakini hii ina maana ni kazi kubwa kuliko tulivyodhani!" akasema. "Mnaelewa? Hakuigiza mtu! Ni huzuni yenyewe!"

"Mwalimu," nikamwambia, "ukisema tena neno kama hilo nitakutia karatasi mdomoni."

"Miwani, taratibu," Fundi akasema.

"Taratibu ipi? Mama yule alikuwa anamwosha mtoto wake kutoka kwenye sufuria! Na huyu anaona kazi kubwa!"

"Sikatai kwamba alimkosea mkewe," Fundi akasema. "Mume hakufanya vizuri. Lakini ni mgongo tu. Nani anamjua?"

"Anajijua."

"Mtu huyu alinishika mkono hapa hapa dukani kwangu, akanipa nakala, akaniambia usimruhusu mtu kuikata. Nilimwahidi. Sasa amekufa, nimvunjie ahadi kwa sababu hawezi kunidai?"

Hilo lilikuwa neno zito, na Fundi si mtu wa kupamba maneno. Nikamjibu kwamba ahadi aliyompa ilikuwa juu ya kitu kisicho cha Kobe kukitoa. Akasema hilo ni la mahakamani. Nikamwita mchapaji kichwa maji. Akaniita mlokole wa filamu. Mwishoni Mwalimu akatoa suluhu: filamu ionyeshwe nzima, lakini kabla yake aseme maneno mawili ya heshima kwa mjane, bila kumtaja. Mpambaji aliinamia matangazo yake akaendelea kukunja. Nikaona nimebaki peke yangu.

"Haya," nikasema. "Nitakuja."

"Njoo," Fundi akasema. "Lakini bila fujo, Miwani. Nakujua."

Jumamosi watu walifurika. Kufa kulimpa Kobe mashabiki ambao uhai haukumpa. Walikuja vijana wenye simu mkononi, na watu wazima wanaouliza ni filamu ya nini. Viti viliisha, wengine wakakalia marobota ya karatasi. Mapazia yalishushwa, joto likapanda. Nilisimama nyuma, karibu na projekta. Fundi aliniona akainamisha kichwa kidogo, kama anayesema asante kwa kutulia.

Mwalimu akasimama mbele kutoa maneno yake mawili. Akaanza vizuri. Akataja ukimya, akataja migongo, watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Nadhani kuitikiwa ndiko kulikomponza. Alikuwa hajawahi kuwa na darasa kubwa kiasi kile.

"Na leo," akasema, "mtaona kitu ambacho wengi walikiona bila kujua walichokiona. Yule mwanamke wa sufuria si mwigizaji. Ni mke wa marehemu, mama wa watu, siku moja baada ya kumzika mtoto wao. Mtazameni kwa macho hayo."

Ukumbi ukavuta pumzi. Ile pumzi niliisikia vizuri, na sitaisahau, kwa sababu haikuwa ya huruma. Ilikuwa ya mtu aliyeletewa sahani. Simu zikainuliwa hata kabla taa hazijazimwa.

Niliwapelekea siri ya mama wa watu ili waifiche, wao wakaifanya tangazo.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameinamisha uso kwenye projekta, na nadhani aliona aibu, lakini kidole chake kilibonyeza, na filamu ikaanza. Nilisimama pale nikiangalia nyumba inayosubiri kubomolewa. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililozidi kunichoma, ilikuwa nzuri kama siku zote, ule mwanga wake wa asubuhi, visogo vya watu wanaobeba meza. Nilimchukia Kobe kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Ukaja mlango wa jikoni. Simu zote zikapanda juu, mbele yangu ikawa kama shamba la vioo. Mlango ukasogea, nikaliona gauni, nikaiona zipu.

Niliweka kiganja kwenye lenzi.

Ukuta ukawa mweusi. Lenzi ilikuwa ya moto, na kwenye ngozi ya kiganja changu niliona rangi zinatembea, kidogo sana, bluu na nyeupe. Sauti iliendelea. Maji. Sufuria inasuguliwa.

"Nani huyo? Toka!"

"Toa mkono, mama!"

Mtu akatupa chupa ya plastiki, ikanipiga begani.

"Miwani, toa mkono," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Zima."

"Toa mkono. Utaiunguza lenzi."

"Lenzi nazijua kuliko wewe. Zima, Fundi."

Akanishika kifundo cha mkono akavuta. Nikakaza. Tulivutana pale, watu wazima wawili waliofahamiana tangu utotoni, wanahema kama wanaogombania kamba, na picha ikawa inaruka ukutani vipandevipande: kiwiko, sinki, nusu ya bega, giza. Wale vijana walikuwa wanatupiga picha sisi sasa. Halafu kila kitu kikakatika, picha na sauti. Dereva alikuwa amekwenda ukutani, amechomoa waya.

Mtu akafungua pazia. Mwanga ukatuumbua wote.

"Umeharibu kumbukumbu ya mtu!" Mwalimu akanifokea kutoka mbele.

"Kumbukumbu ya nani?" nikamfokea. "Ya mama uliyemvua nguo hapa mbele ya watu? Ulisema hutamtaja! Ulisema maneno mawili!"

"Nimemheshimu!"

"Umemuuza!"

Makelele yakawa makubwa. Wengine walisema niachwe niseme, wengi walitaka nitolewe. Mpambaji alikuwa analia. Fundi alinishika mkono tena, safari hii kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko kule kuvuta, akanipeleka mpaka mlangoni.

"Nenda nyumbani," akasema. "Tutaongea."

"Usiionyeshe."

Akafunga mlango.

Dereva alitoka nyuma yangu, akajiegemeza kwenye ukuta wa duka. Barabarani watu walipita na shughuli zao. Tukasikia mapazia yanashushwa, viti vinasogezwa, mtu anacheka. Halafu juu ya mlango, kupitia kile kidirisha cha hewa, yakaja maji. Ikaja sufuria. Walikuwa wamerudisha picha nyuma, mwanzo wa jikoni, ili wasikose hata kidogo.

Niliugonga mlango kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Haukufunguliwa. Sauti ya sufuria iliendelea mpaka ilipokwisha, na ilipokwisha, wakapiga makofi.

"Twende," Dereva akasema.

Kufikia Jumatatu, mama alikuwa amejulikana. Picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa zimesambaa na jina lake chini, na watu wasiowahi kumaliza filamu hata moja ya Kobe walikuwa wanaandika jinsi walivyolia. Televisheni ikatangaza kwamba itazungumza na "mwanamke wa sufuria" nyumbani kwake. Nikamwomba daktari ruhusa nitoke mapema. Aliniangalia mkono uliovimba akaniambia nenda tu.

Nilikuta watu wamesimama getini, mmoja na kamera begani, msichana mwenye kipaza sauti, na wapita njia waliokuja kuona kinachoonwa. Geti lilikuwa limefungwa. Nikapenya, nikaligonga, nikataja mimi ni nani. Baadaye kidirisha cha geti kikafunguka kidogo, nikaona jicho lake.

"Ni wewe uliyewaambia?" akauliza.

"Niliwaambia wenzangu, mama. Ili wasiionyeshe."

"Wakaionyesha."

"Wakaionyesha."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na kazi yangu ya kila siku ni macho ya watu. Nyuma yangu msichana wa kipaza sauti alikuwa anaita, mama, swali moja tu, mama, ulijisikiaje ulipojiona.

"Sikuhitaji mtu wa kunililia," akasema. "Nilihitaji mtu wa kunyamaza."

"Najua."

"Hujui." Akafikiri kidogo. "Unaweza kusimama?"

"Naweza."

"Basi simama hapo. Asipite mtu."

Kidirisha kikafungwa. Nikageuka, nikaweka mgongo wangu kwenye geti, uso kwa kamera. Msichana akanisogezea kipaza sauti, akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu.

"Kwa marehemu mimi si kitu," nikamwambia. "Ondoa hicho kitu usoni mwangu."

Waliondoka jua lilipoanza kuwachosha. Kesho yake wakarudi wachache, na mimi nilikuwa pale, na Dereva alikuja baada ya zamu yake akaegesha baiskeli mbele ya geti. Baada ya hapo wakapata msiba mwingine wa kutangaza. Mama hakunikaribisha ndani tena, na sikuomba.

Fundi ametuma watu, ametuma salamu, mara moja amekuja mwenyewe dukani na miwani ya mama yake iliyovunjika mkono, akaiweka kaunta, akasimama. Niliitengeneza miwani, kwa kuwa mama yake hakunikosea. Nikamrudishia.

"Nilimwahidi, Miwani," akasema.

"Ndiyo. Na Kobe hakumwahidi mke wake chochote. Salimia mama."

Nikarudi chumba cha nyuma nikawasha mashine.